Bukari na Mboga: Mlo wa Lubumbashi

Bukari ni chakula kigumu kinachosongwa kwa unga na maji ya moto, bila chumvi wala mafuta. Mahali pengine huitwa ugali. Katika Lubumbashi, mji mkuu wa mkoa wa Haut-Katanga kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jina la bukari lina uzito wa pekee, kwani ndilo kipimo cha kula. Aliyekula wali, mkate au viazi ameonja kitu. Aliyekula bukari ndiye aliyekula. Vyakula vingine vyote vya mji hupangwa kwa kuangalia vinavyohusiana nao.

Kwa unga wake, bukari ni wa aina tatu. Wa mahindi matupu ni mweupe na hukatika vizuri mkononi. Wa muhogo huvutika na kuteleza, na hupendwa hasa na wenye asili ya bonde la Luapula. Wa tatu huchanganya unga wa aina hizo mbili, kila nyumba kwa kadiri yake. Watu waliotoka Kasai wana sifa ya kuushikilia.

Kuenea kwa mahindi kulitokana na mgodi. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipoufikia, na unga wa wafanyakazi ukawa unakuja kwa mabehewa kutoka Rhodesia, yaani Zambia na Zimbabwe za leo. Kampuni ya Union Minière, iliyochimba shaba, iligawa posho ya chakula kambini. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 iliwaruhusu wafanyakazi kukaa na wake na watoto, na posho ikahesabiwa kwa familia. Watu wa makabila mengi, waliozoea mtama, ulezi au muhogo, walijikuta na gunia la aina moja. Posho ndiyo iliyowapa mlo mmoja, nayo inastahili kutajwa kabla ya mapishi yoyote. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi mgodi mwaka 1967, iliendelea na utaratibu huo mpaka ilipodhoofika katika miaka ya 1990. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliachishwa kazi kwa mpigo. Tangu hapo mzigo wa kutafuta unga umewaangukia zaidi wanawake, kwa kulima mashamba kandokando ya mji na kuuza sokoni. Sehemu ya unga bado hutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Zambia ikizuia mahindi yake kutoka, bei hupanda mjini.

Mboga ni chochote kinachoshushia bukari, hata nyama. Za majani ni sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa muda mrefu, lengalenga, ambalo ni mchicha, na matembele. Samaki wabichi na wa kukaushwa wametoka tangu zamani Kasenga, kwenye mto Luapula, na ziwa Mweru. Ndakala, yaani dagaa wakavu, hutoka ziwa Tanganyika. Nyama ya mbuzi ya kuchoma, michopo, huliwa zaidi kwenye baa, pamoja na bia ya Simba inayotengenezwa mjini humo. Pombe ya nyumbani ya kukenekwa ni lutuku. Munkoyo ni jamii nyingine: uji wa mahindi unaotiwa mizizi ya mmea wenye jina hilo, ambayo hugeuza wanga kuwa sukari; unaponywewa mapema ni kinywaji cha watoto pia.

Makala, yaani mkaa, ndiyo nishati ya jiko. Mabwawa ya umeme ya Lufira na Lualaba yalijengwa kwa ajili ya migodi, lakini katika mitaa mingi chungu huwekwa juu ya babula, jiko la bati, na magunia ya makala huingia mjini yakiwa yamefungwa juu ya baiskeli zinazosukumwa kwa mkono.

Msitu wa miombo hauleti makala peke yake. Wakati wa mvua hutoa uyoga wa aina nyingi, viwavi wa kukaushwa na kumbikumbi. Mazao haya hayakuwa katika posho ya kampuni, na yanaonyesha kwamba mji haukukata kamba na kijiji. Lililo la ajabu kuliko yote ni kikanda: viazi vidogo vya okidi za mwituni husagwa, vikachanganywa na karanga, pilipili na magadi, vikapikwa mpaka vigande kama mkate, vikakatwa vipande. Mwenye kukiona mara ya kwanza hudhani ni soseji. Hutumika kama mboga na huliwa pia kikavu barabarani. Okidi hizo hazilimwi. Kila kiazi kinachopikwa kimechimbwa porini, na mmea wake umekufa. Zambia, inayokila kwa jina la chikanda, imekwisha kuvifuata viazi hivyo mpaka nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kwenye uwanda wa Kitulo, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005.