German Shepherd: Uzao mmoja, tabia mbalimbali

MBWA wa aina ya German Shepherd ni maarufu katika miji ya Kenya, ambako hufugwa kulinda maboma na biashara. Wengi humnunua wakiamini kwamba kila mbwa wa uzao huu huzaliwa mkali, mwerevu na mtiifu. Imani hiyo ina ukweli kiasi, lakini haitoshi kumwelekeza mzazi anayetaka kumweka mnyama huyo karibu na watoto.

Uzao huu ulianza rasmi Ujerumani mnamo 1899, wakati Max von Stephanitz, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi, alipomsajili dume aliyeitwa Horand von Grafrath. Nia yake ilikuwa kupata mbwa hodari wa kuchunga kondoo. Dume aliyekomaa huwa na kimo cha sentimita 60 hadi 65 begani na uzani wa kilo 30 hadi 40.

Umbo hilo hurithiwa kwa uhakika. Tabia sivyo. Kama vidole vya mkono, vilebu waliozaliwa pamoja hawalingani: mmoja humkimbilia mgeni, mwingine hujificha nyuma ya mamake, na wa tatu hushtuka mlango ukibamizwa.

Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mnamo Aprili 2022, uliohusu zaidi ya mbwa 18,000 wa aina mbalimbali, ulibaini kuwa uzao hueleza takriban asilimia 9 pekee ya tofauti za tabia baina ya mbwa mmoja na mwingine. Utiifu ulihusiana na uzao kuliko sifa nyingine nyingi. Wepesi wa kuchokozeka, jambo linalowatia wazazi hofu zaidi, haukuweza kubashiriwa kwa kutazama uzao.

Malezi nayo yana uzito mkubwa. Kati ya wiki ya tatu na ya 12 hivi, kilebu hujifunza yepi ni ya kawaida na yepi ni ya kuogopwa. Samaki mkunje angali mbichi. Anayefungiwa kibandani wakati huo bila kuzoeshwa watu, watoto na kelele anaweza kukua akiwa mwoga, na mbwa mwoga huweza kuuma sawa na mkali.

Kwa hivyo, mnunuzi afaa kuwatembelea vilebu wakiwa na mama yao, tena zaidi ya mara moja, na kuchunguza mwenendo wa kila mmoja. Aidha, mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata aliye mpole.

Anayechagua kwa jina la uzao pekee hubahatisha. Akikosea, mtoto huishia na jeraha, naye mbwa hufukuzwa au kuuawa kwa tabia ambayo hakuna aliyejishughulisha kuichunguza mapema.