Madoa ya Jua na maji ya Ziwa Victoria

Pale soko la samaki Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, kila mtu ana nadharia yake kuhusu lini ziwa litapanda. Mwaka 1923, C.E.P. Brooks, mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, alikuja na ya kwake: tuhesabu madoa ya Jua.

Madoa hayo ni sehemu zenye usumaku mkali na joto pungufu kuliko jirani zake, ndiyo maana tunaziona nyeusi. Hutokea kwa makundi. Mwaka 1848 Rudolf Wolf wa Uswisi aliweka kanuni rahisi: idadi ya makundi mara 10, jumlisha madoa yote. Makundi 3 yenye madoa 12 yanakupa 42. Namba hiyo hupanda na kushuka kila baada ya miaka kama 11.

Usiichanganye na namba za majina. Tangu Januari 1972, taasisi ya NOAA ya Marekani hulipa kila eneo la madoa namba yake. Eneo likizama upande wa nyuma wa Jua kisha likarudi, linapewa namba mpya. Ndiyo maana eneo 3664, lililoleta dhoruba kubwa ya usumaku Mei 2024, lilirudi likiitwa 3697.

Sasa turudi kwa Brooks. Alichukua vipimo vya maji ya ziwa kuanzia 1896 hadi 1922, akavilinganisha na namba za Wolf. Mistari miwili ilienda sambamba kabisa: madoa mengi, maji mengi. Fikiria maana yake kwa bandari, mialo na mashamba ya kandokando kama ingekuwa kweli!

Haikupita miaka 10, uhusiano ukavunjika. Tena ziwa lilipofikia rekodi mwaka 1964, Jua lilikuwa karibu halina madoa. Mei 2020 rekodi hiyo ikapitwa, na Jua lilikuwa limetoka tu kwenye kiwango chake cha chini cha Desemba 2019. Mara zote mbili chanzo kilikuwa mvua: mwishoni mwa 1961 na mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi ilipata joto zaidi upande wetu wa magharibi, mvua zikamwagika kupita kiasi.

Je, Brooks alikuwa mzembe? Hapana. Vipimo vyake vilikuwa sahihi, ila miaka 27 ni mizunguko miwili na nusu tu ya Jua. Na mjadala haujafa: mwaka 2007 Curt Stager na wenzake walionyesha kuwa katika karne ya 20 ziwa lilielekea kupanda takriban mwaka mmoja kabla ya kila kilele cha madoa.

Kwa hiyo ukikuta grafu mbili zinafanana, uliza kwanza: zimefanana kwa mizunguko mingapi? Mwenye nyumba ufukweni anahitaji jibu hilo kabla hajaanza kujenga.