Chege Kibachia: Aliondolewa, Nyongeza Ikabaki

Kila likizo mimi hupakua magunia ya mchele sokoni Konyokonyo, hapa Juba. Magunia mengi hushushwa kwanza bandarini Mombasa, kisha huletwa kwa malori kupitia Nimule. Ndiyo maana nimechagua kuandika kuhusu makuli wa bandari hiyo na mtu aliyewasemea, Chege Kibachia.

Kibachia alitoka Kiambu, akasoma Alliance, kisha akaenda Mombasa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, bei za vyakula na kodi za vyumba mjini humo zilipanda huku mishahara ikibaki nyuma. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma. Makuli hawakuwa peke yao. Walikuwamo watu wa reli, wa hoteli na watumishi wa majumbani. Walikutana katika uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Mgomo uliendelea kwa siku 12 hivi, na humo kikazaliwa chama cha wafanyakazi Waafrika ambacho Kibachia alikiongoza.

Serikali iliunda baraza chini ya Jaji Thacker, yuleyule aliyemhukumu Jomo Kenyatta mwaka 1953. Baraza liliwapa wafanyakazi wengi nyongeza. Hata hivyo, Kibachia alipoanza kueneza chama hadi Nairobi, alikamatwa Agosti 1947, akazuiliwa Kabarnet, Baringo, kwa takriban miaka 10. Chama kikafifia.

Je, alishindwa? Ni kweli kwamba chama kilimtegemea mno mtu mmoja. Lakini alipoondolewa, nyongeza haikuondoka naye, wala funzo la kugoma pamoja halikusahauliwa. Mwaka 1955 makuli wa Mombasa waligoma tena, na Tom Mboya akaketi na waajiri kwa niaba yao. Wakapata nyongeza. Julai ya mwaka huohuo, kwetu Nzara, wafanyakazi wa mradi wa pamba walifukuzwa kazi. Watu walipoandamana, walipigwa risasi, na baadhi wakafa.

Nikirudi sokoni hukumbuka miji hiyo miwili. Paundi yetu inashuka thamani, lakini kila mpakuzi bado hupatana na mwenye lori peke yake. Kabla ya kumtafuta Kibachia wetu, naona tuanze na kukubaliana bei moja kwa gunia.