Tathmini ya Mahitaji Kazini: Namna ya Kumwandaa Ndugu Mwenye Ulemavu

Tathmini ya mahitaji kazini ni mazungumzo na ukaguzi unaofanyika kati ya mfanyakazi mwenye ulemavu na mwajiri wake, kupitia afisa rasilimali watu au msimamizi wa kazi, ili kubainisha ni kifaa gani, msaada gani au mabadiliko gani ya mazingira yatamwezesha kutimiza wajibu wake. Si mtihani wa kupima kama anastahili kazi, wala si uchunguzi wa hospitali. Kinachopimwa ni pengo lililopo baina ya mtu na mahali anapofanyia kazi. Tunalitamka hili mapema kwa sababu wengi wanaofika ofisini kwetu kuomba barua ya utambulisho huiogopa tathmini hiyo kana kwamba ni hukumu.

Msingi wa kisheria upo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unahesabu kuwa ni ubaguzi kumnyima mtu marekebisho yanayofaa, yaani yale yasiyomtwika mwajiri mzigo uliopita kiasi. Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Naye Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, namba 22, alifundisha kwamba mtu mwenye ulemavu ni mtu kamili mwenye haki zake, na kwamba asaidiwe kushiriki kazi kadiri ya uwezo wake.

Hata hivyo, sheria haiwezi kumsaidia anayesema hana shida yoyote. Tulijifunza hilo kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita, kijana wa parokia yetu mwenye usikivu hafifu alipata kazi ya ghalani. Alipokuja kuomba ushauri kabla ya kikao cha tathmini, tulimwambia ajikaze, asioneshe udhaifu, kwani kazi zenyewe ni chache. Akatii. Alipoulizwa kama anasikia vizuri, akaitikia kwa kichwa. Kumbe maagizo ya ghala lile hutolewa kwa sauti, kutoka mbali, mashine zikinguruma. Mwezi wa nane alikosea shehena kwa mara ya tatu, akaachishwa kazi kwa uzembe. Alichohitaji ni maagizo yaliyoandikwa kwenye karatasi. Ushauri ule ulikuwa wetu, na tangu hapo hatumwambii mtu ajikaze.

Tukumbuke kwamba Bwana wetu alimuuliza Bartimayo anataka afanyiwe nini, ilhali umati wote ulikuwa unaona kwamba ni kipofu (Mk 10:46-52). Hakudhani kwamba anajua. Alimpa nafasi ya kusema mwenyewe. Tathmini njema huanzia hapo, na maandalizi yake ni kumsaidia mtu apate maneno ya kujibu.

Maandalizi yaanze walau wiki moja kabla, kwa daftari. Kila jioni aandike, au aandikiwe, shughuli alizofanya, muda zilizochukua, wapi alikwama na nini kilimsaidia. Aandike siku njema na siku mbaya pia, maana mwenye maumivu ya mgongo au kifafa akieleza siku njema tu atapangiwa kazi ya siku njema tu. Kisha aombe maelezo ya kazi, ayasome jukumu kwa jukumu, na kwa kila moja ajibu: naweza peke yangu, naweza nikipata kitu fulani, au siwezi. Jibu la katikati ndilo lenye thamani kubwa, nalo lisemwe kwa vitu vinavyoshikika. “Naomba msaada” haimwelekezi mwajiri popote. “Naomba meza iliyoinuliwa ili kiti mwendo kiingie chini yake” inamwelekeza. Ikiwezekana, afike mahali pa kazi mapema aone ngazi, choo, mwanga na umbali kutoka kituo cha daladala.

Mahitaji hutofautiana. Asiyeona aweza kutumia kompyuta kwa programu ya kusoma skrini, na ipo NVDA inayopatikana bure. Mwenye ualbino huhitaji kazi ya kivulini, kofia pana, mafuta ya kukinga jua na maandishi makubwa. Mwenye ulemavu wa akili hufaidika na maagizo mafupi yenye picha, pamoja na mwenzake mmoja wa kumwelekeza. Kiziwi apatiwe mkalimani wa lugha ya alama, si dada yake.

Na hapa wazazi watuwie radhi. Tumeshuhudia mama akimjibia kila swali mwanawe wa miaka thelathini, kwa upendo mtupu, na mwajiri akaondoka bila kulisikia neno lake hata moja. Mzazi akikaribishwa, aketi pembeni, aongeze tu pale mwanawe anapomwomba.

Si lazima kueleza historia yote ya ugonjwa. Barua ya daktari yatosha ikitaja yale yanayogusa kazi. Kikao kikiisha, makubaliano yaandikwe: nini kitafanyika, nani atakifanya, lini, na siku ya kuyapitia upya. Nakala moja ibaki kwa mfanyakazi.

Mwajiri akikataa, afisa kazi aonwe, na vyama vya watu wenye ulemavu vilivyo chini ya SHIVYAWATA vishirikishwe. Anayeona ameachishwa kazi isivyo haki apeleke shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Kijana wetu alitufikia zikiwa zimepita 40. Basi, anayejua jirani aliyeachishwa kazi kwa namna hiyo asingoje Jumapili. Amlete ofisini mapema, akiwa na mkataba wake na barua aliyopewa.