Garimoshi: Safari ndefu ya injini ya mvuke kutoka Penydarren hadi Nairobi

MUULIZE mtu yeyote ni nani aliyevumbua garimoshi na aghalabu utajibiwa: George Stephenson. Jibu hilo limerudiwa mara nyingi katika mashindano ya chemshabongo hivi kwamba anayelipinga huonekana mkorofi. Hata hivyo, si sahihi.

Injini ya kwanza ya mvuke kuvuta mzigo juu ya reli iliundwa na Richard Trevithick, mhandisi kutoka Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Mnamo Februari 21, 1804, mtambo wake ulivuta tani 10 za chuma pamoja na watu wapatao 70 kutoka kiwanda cha Penydarren, huko Wales, hadi Abercynon. Umbali huo wa karibu kilomita 16 uliwachukua zaidi ya saa nne.

Injini ilifaulu, njia ndiyo iliyoshindwa. Reli za wakati huo zilikuwa za chuma cha kusubu, ambacho ni kigumu lakini huvunjika upesi, na ziliwekwa kwa ajili ya mabehewa ya kukokotwa na farasi. Zilipasuka chini ya uzito wa mtambo huo, nao wenye kiwanda wakarejea kwa farasi wao.

Ili kuelewa ujasiri wa Trevithick, ni sharti kwanza tumtaje James Watt. Mitambo ya Watt ilitumia mvuke wenye shinikizo dogo mno, na nguvu yake ilitokana hasa na kuupoza mvuke huo ili kuzua ombwe ndani ya silinda. Ilikuwa mitambo mikubwa, iliyojengewa nyumba yake yenyewe. Kuipandisha juu ya magurudumu lilikuwa jambo lisilowazika.

Hataza ya Watt ilikwisha mwaka 1800. Trevithick akaacha kabisa mambo ya kupoza mvuke, akaongeza shinikizo, na mvuke uliokwisha kazi akautoa kupitia dohani. Mtambo ukawa mdogo, mwepesi na wenye nguvu. Watt mwenyewe aliuona mvuke wa shinikizo kubwa kuwa hatari kwa maisha ya watu.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 1803, boila ya mtambo wa Trevithick ililipuka huko Greenwich na kuua wafanyakazi kadhaa. Jibu lake halikuwa kurudi nyuma. Aliongeza vali ya pili ya usalama, na kwenye bamba la boila akatia kizibo cha risasi ambacho, maji yakipungua kupita kiasi, huyeyuka na kuachilia mvuke kabla chuma hakijapasuka. Kizibo cha namna hiyo kiliendelea kutiwa kwenye injini za garimoshi hadi siku za mwisho za mvuke, zaidi ya miaka 150 baadaye. Trevithick alifariki mwaka 1833 akiwa fukara.

MAGURUDUMU YATATELEZA?

Baada yake palizuka swali ambalo leo laweza kuchekesha: je, gurudumu laini la chuma juu ya reli laini ya chuma halitateleza tu, injini ikabaki pale pale? Mwaka 1812, John Blenkinsop na Matthew Murray walilikwepa swali hilo katika migodi ya makaa ya mawe ya Leeds kwa kutumia gurudumu lenye meno lililong'ata meno mengine kando ya reli. Mwaka uliofuata, William Hedley wa mgodi wa Wylam alithibitisha kwa majaribio kwamba uzito wa injini wenyewe watosha kulishikilia gurudumu. Injini yake, Puffing Billy, ingali imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi jijini London.

Ni hapa ndipo Stephenson anapoingia. Alikuwa mwana wa mfanyakazi wa mgodi, na hakujua kusoma hadi alipofikia umri wa utu uzima. Injini yake ya kwanza ilifanya kazi katika mgodi wa Killingworth mwaka 1814, na Septemba 27, 1825, injini yake iliyoitwa Locomotion ilifungua reli ya Stockton hadi Darlington.

Sifa yake ya haki, kwa maoni yangu, si uvumbuzi bali ni kuona mbali. Wenzake waliangalia injini peke yake; yeye alitazama injini, reli, madaraja na miinuko kama kitu kimoja.

SIKU ZA RAINHILL

Kufikia mwaka 1829, reli ya Liverpool hadi Manchester ilikuwa karibu kukamilika na wakurugenzi wake hawakuwa wamekubaliana itaendeshwaje. Wahandisi wawili waliotumwa kuchunguza suala hilo, James Walker na John Rastrick, walipendekeza mitambo isiyohama, ijengwe kando ya njia na kuvuta mabehewa kwa kamba. Pendekezo hilo lingekubaliwa, injini ya kujiendesha ingalibaki chombo cha migodini kwa muda mrefu.

Wakurugenzi wakaamua kutangaza shindano. Tuzo ilikuwa pauni 500. Injini ilitakiwa kuvuta mzigo wenye uzito mara tatu ya uzito wake, kwa mwendo usiopungua kilomita 16 kwa saa, na kwenda na kurudi katika kipande kifupi cha njia huko Rainhill hadi itimize umbali uliolingana na safari kamili.

Oktoba hiyo washindani watano walijitokeza. Mmoja, Cycloped, haukuwa na mvuke wowote. Ulisukumwa na farasi aliyetembea juu ya mkanda. Perseverance haikuweza kufikia mwendo uliotakiwa. Sans Pareil ya Timothy Hackworth ilizidi uzito uliowekwa, na silinda yake ikapasuka. Novelty ya John Braithwaite na John Ericsson ndiyo iliyopendwa na umati kwa wepesi wake, lakini iliharibika mara kwa mara.

Ikabaki Rocket, iliyoundwa Newcastle na Robert Stephenson, mwanawe George. Ilimaliza safari zake zote, na wakati fulani ilifikia takriban kilomita 47 kwa saa.

Siri yake ilikuwa nini? Boila za awali zilipitisha moto katika bomba moja au mawili makubwa. Rocket ilikuwa na mabomba 25 ya shaba, kila moja likiwa na kipenyo cha sentimita saba na nusu hivi, yaliyozungukwa na maji pande zote. Hewa ya moto ikagusa eneo kubwa zaidi la chuma, na maji yakachemka upesi. Wazo hilo lilitoka kwa Henry Booth, mweka hazina wa kampuni ya reli, ambaye hakuwa mhandisi. Mfaransa Marc Seguin naye alikuwa amelifikia kivyake.

Pili, moto uliwekwa katika tanuri la pekee lenye kuta za maji, nyuma ya boila. Tatu, mvuke uliotoka silindani ulirushwa juu ndani ya dohani kupitia mdomo mwembamba, ukavuta hewa nyuma yake na kuchochea moto. Huu ni mpango wa ajabu kwa urahisi wake: kadiri injini inavyofanya kazi kwa bidii, ndivyo moto wake unavyowaka kwa ukali, bila mtu kuugusa.

Mambo hayo matatu hayakuachwa tena. Injini ya mwisho ya mvuke ya Shirika la Reli la Uingereza, Evening Star ya mwaka 1960, ilikuwa nayo yote.

KASI NA JOTO

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuboresha. Inafaa ikumbukwe kwamba Waingereza hawakuwa peke yao. Kifaa cha kuingiza maji katika boila bila pampu kilivumbuliwa na Mfaransa Henri Giffard mwaka 1858. Mpango wa vali uliotumiwa na injini nyingi za karne ya 20 ulikuwa wa Mbelgiji Egide Walschaerts. Naye Mjerumani Wilhelm Schmidt alionyesha faida ya kuupitisha mvuke tena ndani ya mabomba yaliyo kwenye moshi wa moto kabla ya kuupeleka silindani. Mvuke wa kawaida huwa na unyevu na hugeuka maji ukigusa chuma baridi. Mvuke uliopashwa mara mbili hufika mkavu, na makaa na maji yakaokolewa.

Yote hayo yalikutana katika injini za Nigel Gresley. Julai 3, 1938, injini yake Mallard, ikiwa na dereva Joe Duddington na mchochea moto Tommy Bray, ilifikia maili 126 kwa saa, yaani kilomita 203, kwenye mteremko wa Stoke. Hakuna injini ya mvuke iliyowahi kuthibitishwa kuipita. Lisilosemwa sana ni kwamba mashikio ya chuma cha silinda ya kati yalichemka kupita kiasi, na injini hiyo haikuweza kufika London. Ilitolewa njiani ikakarabatiwe.

MAJITU YA GORTON

Kwetu sisi, hata hivyo, injini ya Uingereza iliyo na maana zaidi si Mallard. Reli ya Uganda, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ilijengwa kwa upana wa mita moja tu, yenye kona kali na miinuko inayopita mita 2,700 juu ya usawa wa bahari karibu na Timboroa. Injini kubwa ya kawaida haingeweza kukunja kona hizo.

Jawabu lilitokana na hataza ya mwaka 1907 ya Herbert William Garratt, iliyoendelezwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Gorton, Manchester. Badala ya boila kukaa juu ya magurudumu, ilitundikwa katikati ya mitambo miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma, kila mmoja ukigeuka kivyake kwenye kona. Kwa kuwa chini ya boila hapakuwa na magurudumu, tanuri liliweza kuwa pana kuliko reli zenyewe. Uzito nao ukagawanywa juu ya ekseli nyingi.

Garratt za kwanza zilifika hapa mwaka 1926. Kilele kilikuwa kundi la 59, injini 34 zilizoundwa mwaka 1955 na 1956, zikatumia mafuta badala ya makaa na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa takriban tani 252, magurudumu 28, na boila yenye kipenyo cha zaidi ya mita mbili juu ya reli ya mita moja. Hapakuwa na injini za mvuke zenye nguvu kuzishinda popote duniani kwenye reli za upana huo.

Kilichoziondoa ni hesabu tu. Injini ya mvuke, hata iliyo bora, hugeuza chini ya asilimia 10 ya joto la moto wake kuwa kazi. Dizeli hufanya hivyo mara kadhaa zaidi, na haihitaji kuwashwa saa nyingi kabla ya safari. Uingereza ilikomesha mvuke katika reli zake kuu Agosti 1968, ingawa mwaka 2008 wapenzi wa reli walikamilisha injini mpya kabisa, Tornado, kwa michango yao.

Kiwanda cha Gorton kilifungwa mwaka 1966, wakati injini zake za kundi la 59 zilikuwa zingali zikivuta shehena kati ya Mombasa na Nairobi. Mbili kati yazo, Mount Gelai na Mount Shengena, zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi.