"Revert" ya ofisini

Barua pepe za ofisi za Nairobi na Dar es Salaam zina kitenzi kimoja kinachopendwa kupita kiasi: "revert". Bosi huandika "kindly revert", na mwajiriwa mpya hukiokota akidhani ndicho Kiingereza cha wakubwa. Kinachokusudiwa ni kujibu tu. Kwa Mwingereza wa kawaida, hata hivyo, kitenzi hiki ni kurudia hali ya awali: mtu kurejea tabia aliyoiacha, shamba lililotelekezwa kugeuka pori tena. Wanasheria nao wanacho, mali inapomrudia mmiliki wa kwanza.

Siwezi kukiita kosa. India na Singapore hukitumia kama sisi, na zipo kamusi zilizokwisha kuikubali maana hiyo. La kuangalia ni nani atakayesoma. Mteja wa Mombasa ataelewa mara moja. Wa London huenda akajiuliza anatakiwa arudie hali gani. Mimi huandika "reply": herufi tano, na halimkwazi mtu. Hiyo "kindly" inayotangulia, ambayo masikioni mwa wengi huko Uingereza ni amri iliyovaa tai, tuiache hadi wiki ijayo.