MAPAMBO: Manyoya ya kuku yanavyoweza kurembesha ukuta bila gharama kubwa

MANYOYA ya kuku, ambayo katika nyumba nyingi hutupwa jalalani punde kitoweo kinapoandaliwa, yanaweza kugeuzwa kuwa pambo la kuvutia la ukutani.

Mtindo wa pambo la duara la manyoya umetokana na jamii ya Bamileke, magharibi mwa Kameruni. Huko, manyoya hushonwa kwenye nyuzi za rafia na kuwa kofia pana ambazo huvaliwa katika sherehe na ngoma za kifalme. Kofia hizo sasa hutundikwa ukutani katika nyumba nyingi ng'ambo, na bei yake si ya kila mfuko. Hata hivyo, umbo lake linaweza kuigwa nyumbani kwa katoni kuukuu na gundi.

Manyoya yanayofaa

Chagua manyoya ya kuku, bata au bata mzinga wa kufugwa. Kamwe usitumie ya ndege aliyekufa kwa maradhi, kwani vimelea vinaweza kukuambukiza au kuangamiza kuku wako na wa jirani.

Jihadhari pia na manyoya ya ndege wa porini. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 inahesabu manyoya kuwa miongoni mwa nyara. Anayepatikana nayo bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) anaweza kushtakiwa, hata kama aliyaokota tu njiani.

Vifaa vinavyohitajika

• Manyoya takriban 240
• Katoni ngumu
• Gundi nyeupe ya mbao
• Penseli, rula, mkasi na uzi imara
• Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo
• Siki na rangi ya chakula, ukipenda

Kusafisha

1. Vaa glavu na ufunike pua na mdomo. Tupa manyoya yaliyovunjika au yenye damu.

2. Yaoshe kwa maji vuguvugu yenye sabuni, ukiyageuza polepole bila kuyasugua. Suuza hadi maji yawe safi.

3. Yaanike kivulini juu ya kitambaa, mahali pasipo upepo mkali. Yakishakauka, yapapase kuelekea nchani ili nyuzi zake zishikane tena.

4. Mwenye friza ayatie katika mfuko uliofungwa vyema, ayagandishe kwa siku chache. Baridi huua utitiri na mayai ya nondo.

Manyoya meupe hushika rangi vizuri. Changanya rangi ya chakula na vijiko viwili vya siki katika maji ya moto yasiyochemka, kisha uyaloweke hadi yakolee. Siki husaidia rangi kushika kwa sababu unyoya ni protini, sawa na sufu. Suuza na uanike upya.

Kuunda pambo

1. Kata katoni duara lenye upana wa sentimita 40. Toboa matundu mawili upande wa juu, upitishe uzi na kuufunga nyuma. Fanya hivyo kabla ya kugandisha manyoya.

2. Chora miduara ndani ya duara hilo, kila mmoja ukiwa sentimita tatu kutoka kwa mwingine, ili upate safu sita.

3. Anza na safu ya nje kwa manyoya marefu zaidi. Gandisha vikonyo kwenye katoni, ncha zikitokeza nje ya ukingo. Ukiacha sentimita mbili kati ya unyoya na unyoya, safu hii itahitaji manyoya 60 hivi.

4. Ngoja gundi ishike, kisha uingie safu inayofuata, manyoya yake yakifunika vikonyo vya safu ya kwanza. Anayeanzia katikati hulazimika kubandua, kwani vikonyo vyote hubaki wazi.

5. Malizia katikati kwa manyoya madogo na laini, halafu uliache pambo likauke usiku kucha.

Utunzaji

Litundike mbali na jiko, mishumaa na koroboi, kwani manyoya hushika moto upesi. Jua kali nalo hufifisha rangi. Vumbi lipanguswe kwa brashi laini, kutoka katikati kuelekea nje, na sehemu ya nyuma ikaguliwe mara kwa mara kwa sababu nondo hupenda kujificha huko.